Shubiri: Jina la Biashara na Majina ya Dawa

Katika Kiswahili hapana kipimo cha uchungu kinachotajwa mara nyingi kuliko shubiri. Dawa ikiwa kali, maneno yakichoma, au ndoa ikiwa ya mateso, msemaji husema kwamba ni chungu kama shubiri, hata kama yeye mwenyewe hajapata kuionja. Yafaa kuuliza: kitu hiki ambacho kila mtu anakitaja na wachache wamekiona ni kitu gani hasa? Je, ni mmea, ni utomvu wa mmea, au ni kipande cheusi kilichokauka ambacho zamani kilipimwa kwa mizani dukani? Swali hili si la udadisi mtupu. Kamusi zetu na vitabu vya mitishamba vina mazoea ya kulifanya neno hili kuwa jina la jumla la mimea yote ya jamii ya Aloe, na mazoea hayo yamefunika historia mbili ambazo hazikuwa moja tangu mwanzo: historia ya bidhaa iliyosafiri baharini, na historia ya dawa zilizokuwa zikichumwa barani kabla ya bidhaa hiyo kufika.

Asili ya neno haina utata. Ni la Kiarabu, nalo linatokana na mzizi wenye konsonanti tatu, saad, be na re, ambao ndio uliotupa pia kitenzi subiri na nomino subira. Katika Kiarabu maneno haya mawili yanatenganishwa kwa irabu moja tu: sabr ni uvumilivu, sabir ni shubiri. Wanalugha wa Kiarabu walikuwa wakali juu ya irabu hiyo, wakasema kwamba haifai kudondoshwa isipokuwa mshairi amebanwa na mizani. Washairi, kama ilivyo desturi yao, walibanwa mara nyingi, maana kulinganisha uchungu wa subira na uchungu wa dawa ni tamu mno kuachwa. Lakini jambo la maana zaidi kwa hoja ya makala haya ni ufafanuzi wenyewe. Ibn Manzur, aliyefariki mwanzoni mwa karne ya 14, analieleza neno sabir katika kamusi yake kuu, Lisan al-Arab, kuwa ni maji yaliyokamuliwa kutoka katika mti mchungu. Yaani neno lilianza na kilichokamuliwa, si na kilichoota.

Kiswahili kililipokea neno kwa sura zaidi ya moja. Wako wanaotamka subiri, wako wanaotamka subili, na iko sura iliyokubaliwa zaidi katika maandishi, shubiri. Sauti ya sh hapa haitokani na Kiarabu, kwa kuwa saad haina desturi ya kugeuka hivyo katika maneno ya mkopo; sabuni, sahani, sala na subira zote zimebaki na s. Maelezo yanayoridhisha ni kwamba wasemaji waliitenga nomino ya dawa na kitenzi cha kungoja, wakafanya kwa konsonanti kile ambacho Waarabu walikifanya kwa irabu. Ni kweli kwamba kwa kukimbia mgongano mmoja lugha iliangukia mwingine, maana shubiri, au shibiri, ni pia urefu wa kiganja kilichotanuliwa, kutoka ncha ya kidole gumba hadi ncha ya kidole cha mwisho. Hata hivyo, ni vigumu kumkuta mtu aliyechanganya kipimo cha nguo na dawa ya tumbo.

Mofolojia nayo inashuhudia jambo lile lile. Shubiri imo katika ngeli ya bidhaa, pamoja na chumvi, sukari, karafuu na bizari. Mmea ulipohitaji jina, ulipewa kiambishi cha miti: mshubiri. Ndivyo ilivyokuwa kwa karafuu na mkarafuu. Mtu aweza kupinga kwamba nazi na mnazi ni maneno yenye uhusiano huo huo, na hakuna atakayesema kwamba nazi zilifika pwani bila minazi. Pingamizi hili ni la haki, na kwa sababu hiyo ushahidi wa ngeli peke yake hautoshi. Lazima historia ya biashara yenyewe iitwe kutoa ushahidi.

Kitabu cha Kiyunani cha karne ya kwanza kinachoeleza safari za Bahari ya Shamu na Bahari ya Hindi, Periplus, kinaitaja shubiri pamoja na ubani miongoni mwa bidhaa zilizotoka katika bandari ya Kane, kusini mwa Bara Arabu. Kitabu hicho hicho kinaieleza pwani yetu, kwa jina la Azania, mpaka mji wa Rhapta, na kinaorodhesha vilivyonunuliwa huko: pembe za ndovu, pembe za kifaru, magamba ya kasa. Shubiri haimo. Mimea ya jamii hiyo ilikuwapo katika pwani na nyika za Azania kama ilivyo leo, lakini hakuna mfanyabiashara aliyeiulizia. Soko lilikuwa limekwisha kuamua kwamba shubiri ni kitu cha upande wa pili wa bahari.

Hasa, ni kitu cha Sokotra. Katika vitabu vya utabibu wa Kiislamu sifa ya kisiwa hiki haikuwa na mshindani. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, anazigawa shubiri katika aina tatu na kuitanguliza ile ya Sokotra. Al-Masudi, karne moja kabla yake, anasimulia hadithi kwamba Aristotle ndiye aliyemshauri Iskandari akitwae kisiwa hicho kwa ajili ya shubiri yake. Hadithi ambayo haiaminiki, ila yaonyesha thamani ya bidhaa machoni pa wasimuliaji. Wareno waliiteka ngome ya Suq mwaka 1507 na wakaiacha mwaka 1511, na mwanzoni mwa karne ya 17 manahodha wa Kampuni ya Kiingereza ya Uhindi ya Mashariki walitia nanga huko kununua shubiri. Mmea wenyewe ulipewa jina lake la kisayansi, Aloe perryi, mwaka 1881, baada ya msafara wa Isaac Bayley Balfour wa mwaka uliotangulia.

Balfour aliona jinsi shubiri ilivyotengenezwa. Shimo dogo lilichimbwa na kutandikwa ngozi ya mbuzi. Majani yaliyokatwa yalipangwa kwa duara kuuzunguka ukingo wake, ncha zilizokatwa zikielekea ndani, utomvu ukadondoka wenyewe bila kukamuliwa. Kisha uliachwa ukakauka kwa muda wa wiki kadhaa mpaka ukawa mgumu. Kwa hiyo kilichopakiwa jahazini hakikuwa na umbo lolote la jani. Aliyekinunua mbali na kisiwa hakuwa na sababu ya kujua kama kilitoka katika mti, katika jiwe au katika mnyama. Alikijua kwa rangi, kwa harufu, na juu ya yote kwa ulimi. Na wenyeji wa Sokotra, ambao lugha yao ni ya Kisemiti lakini si Kiarabu, hawakuuita mmea wao sabir hata kidogo. Waliuita tayf, na bado wanauita hivyo. Jina la biashara lilikifunika kisiwa chenyewe kilichoizalisha biashara.

Zanzibar iliingia katika historia hii kwa namna ya kuchekesha kidogo. Katika karne ya 19 wauza dawa wa London walikuwa na aina waliyoiita shubiri ya Zanzibar, iliyofika ikiwa imefungwa katika ngozi za wanyama. Jina hilo ni la bandari tu. Bidhaa ilishuka na majahazi ya msimu, ikapita mikononi mwa wafanyabiashara wa Kihindi na Kiarabu, ikaendelea Bombay au Ulaya, kama pembe za ndovu zilizoitwa za Zanzibar zilivyotoka Unyamwezi na Manyema. Ni katika mikono hiyo na katika maduka hayo ambamo Mswahili alikutana na shubiri, na pamoja nayo akapokea elimu ya matumizi yake iliyokuwa na heshima ya kitabu. Imepokewa katika Hadithi, kwa njia ya Uthman, kwamba aliyeumwa macho akiwa katika ihramu azipake shubiri. Matabibu walioufuata utaratibu wa Ibn Sina waliitoa kama dawa ya kuendesha tumbo, kwa kipande kidogo, kwa kuwa nguvu yake ni kubwa. Udi, ambao Wazungu waliuchanganya na shubiri kwa sababu katika lugha zao vyote viwili viliitwa aloe, Waswahili hawakuuchanganya kamwe. Biblia ya Kiswahili ya Muungano ya mwaka 1952, katika Injili ya Yohana, ilitia uudi mahali ambapo matini ya Kiyunani ina aloe, na wafasiri hawakuhitaji kuumiza kichwa. Pua ya kila msomaji wa pwani ilikwisha kuvitenganisha vitu hivyo viwili.

Tukiacha bahari na kuingia bara, mambo yanageuka. Hapa hapana bidhaa kavu. Ipo mimea, na kila lugha ina jina lake. Wamaasai huiita osuguroi, Wasamburu sukuroi, Waturkana echuchuka, Waluo ogaka, Wakamba kiluma; jina la Kiembu, kiruma, halina umbali mkubwa na hilo la Kikamba. Katika Kikuyu kuna thukurui, na jina hili lastahili kuangaliwa kwa makini. Kikuyu hakina s, na maneno ya mkopo yenye sauti hiyo huipokea kwa th, kama saa ilivyokuwa thaa. Ukikiondoa kiambishi o- cha Kimaasai, ambacho ni cha jinsia ya kiume, kinachobaki ni suguroi, na kutoka hapo mpaka thukurui hapana hatua isiyoelezeka. Wakikuyu walipokea jina kutoka kwa Wamaasai, na ni dhahiri kwamba jina halikusafiri bila maarifa yaliyoambatana nalo, maana mmea ulikuwapo katika ardhi ya wote wawili.

Maarifa hayo hayafanani na ya dukani. Kwa Wamaasai na Wasamburu mizizi ya osuguroi hutiwa katika pombe ya asali ili iumuke. Hakuna tabibu wa Kiarabu aliyewaza mizizi. Utomvu mbichi hupakwa juu ya jeraha na juu ya ngozi iliyoungua. Majani huchemshwa kwa homa na maumivu ya tumbo. Mama anayetaka kumwachisha mtoto hujipaka utomvu titini, na desturi hii imeenea katika makabila mengi mno kuweza kudaiwa na moja. Kitabu cha John Kokwaro juu ya mimea ya dawa ya Afrika Mashariki, kilichotolewa mwaka 1976, kilikuwa na hekima ya kuyaandika majina ya kienyeji kando ya yale ya Kilatini, na kila msomi wa leksikografia angefaa kukitazama kwa jambo hilo moja, hata kama dawa hazimhusu.

Hatari ya jina la jumla ilionekana waziwazi lilipoingia jina la tatu. Aloe vera, ambayo si mmea wa asili wa Kenya, ilikuja na sabuni, mafuta ya ngozi na vinywaji vya chupa, na katika mazungumzo ya kila siku ikawa alovera. Sifa zake ni za ute mweupe ulio katikati ya jani. Lakini shubiri ya Ibn Sina si ute. Ni utomvu wa manjano ulio chini tu ya ganda, wenye aloini, ambayo ilitengwa kwa mara ya kwanza huko Edinburgh mwaka 1851, na ambayo huendesha tumbo kwa nguvu. Mamlaka ya dawa ya Marekani iliiondoa shubiri katika orodha ya dawa za kuendesha zinazouzwa bila cheti mwaka 2002, kwa kuwa watengenezaji hawakuleta ushahidi wa kutosha wa usalama wake. Mtu anayesoma kwamba alovera ni kinywaji chema, kisha akafungua kamusi akaona kwamba alovera ni mshubiri, kisha akaambiwa na jirani kwamba mshubiri ni ile osuguroi iliyo nyuma ya boma, amepitishwa katika njia tatu za lugha, na mwisho wake ni kikombe cha utomvu. Akiwa mja mzito, kosa hilo si la kamusi tena.

Serikali nayo ilikumbana na tatizo hilo kwa upande wake. Utomvu wa mimea ya porini ulikuwa ukigemwa Baringo, Laikipia, Samburu na Turkana na kuuzwa nje, mpaka amri ya Rais ya mwaka 1986 ikaruhusu uvunaji wa mashamba tu. Jamii nzima ya Aloe imo katika mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, isipokuwa Aloe vera peke yake, na kanuni maalumu za Kenya zikafuata mwaka 2007. Afisa anayeusimamisha mzigo barabarani lazima ajue kama ni alovera, iliyo halali, au ni echuchuka isiyo na kibali. Neno mshubiri halimsaidii chochote.

Kwa hiyo yafaa kamusi zijazo ziipe shubiri maana yake ya kwanza, yaani utomvu uliokauka utumikao kama dawa chungu, na mshubiri zikauweke kuwa mmea utoao utomvu huo, kwa maelezo kwamba katika Kenya peke yake jamii hiyo ina aina zipatazo 60. Alovera iingizwe kama neno lenye haki yake, na si kama kisawe. Ama majina ya bara, hayo hayahitaji kufasiriwa. Yahitaji kuorodheshwa na aina zake, mkoa kwa mkoa, wakati wazee wanaozitofautisha kwa jani, kwa ua na kwa mzizi wangalipo. Katika vijiji vya Nyanza majani ya ogaka hukatwakatwa na kutiwa katika maji ya kuku wakati wa kideri, na hapo hapana mtu anayeiita shubiri.