The Wizarding World of Harry Potter

The Wizarding World of Harry Potter ni eneo ndani ya bustani za burudani za Universal, lililojengwa kwa kufuata filamu za Harry Potter, kijana mchawi, zilizotokana na vitabu vya J. K. Rowling. La kwanza lilifunguliwa Juni 2010 mjini Orlando, Florida, Marekani. Mengine yakafuata Osaka (2014), Hollywood (2016) na Beijing (2021).

Mvuto wake si bembea za kasi peke yake, maana hizo zimejaa kila bustani. Stuart Craig, aliyebuni mandhari ya filamu hizo, alishiriki pia kubuni eneo hili, na ndiyo maana mgeni hukuta mapaa yenye theluji bandia chini ya jua kali la Florida wala asishangae. Baadhi ya fimbo za kichawi zinazouzwa madukani hutambuliwa na vihisi: ukipunga moja sawasawa mbele ya dirisha la duka, kitu kilichomo ndani hujongea. Watoto hupanga foleni kwa ajili ya hilo. Watu wazima nao hawako nyuma. Kinywaji cha Butterbeer kinachouzwa humo, kilichoigwa kutoka hadithi hizo, hakina kileo. Treni ya Hogwarts Express, iliyoigwa pia kutoka hadithi hizo na kuanza 2014, huunganisha bustani mbili za Universal mjini Orlando, na asiye na tiketi ya zote mbili haruhusiwi kuipanda.