Kesi iliyofia mlangoni: Wamasai wa Laikipia, 1913



Jirani yangu mmoja wa hapa Karavia alirudi kutoka tribinali na karatasi mkononi. Hakushindwa juu ya parsele yake, wala hakushinda. Juji alisema tu kesi haipokelewi. "Sasa udongo ni wa nani?" akaniuliza mimi, agronomu. Nikamwambia kwanza kisa cha Wamasai.

Mwaka 1904 Wamasai walifanya mkataba na Waingereza. Waliacha malisho ya Naivasha na Nakuru, wakagawanywa pande mbili: wengine kaskazini, Laikipia, wengine kusini. Mkataba ulisema utadumu muda wote ambao Wamasai watakuwapo kama taifa. Ulidumu miaka 7. Aprili 1911, chini ya gavana Girouard, ukaletwa mkataba mwingine: ba Laikipia nao wahamie kusini, juu ya walowezi walitaka ile nchi. Mtu aliyesoma mambo ya udongo ataelewa mara moja. Laikipia ilikuwa na majani na maji. Kusini wafugaji walilalamikia ukavu na magonjwa ya ng'ombe.

Legalishu, mkubwa wa kaskazini, alipinga. Wenzake hawakushika mikuki, walishika avoka. Mwaka 1912 kesi ikafunguliwa kwa jina la Ole Njogo na wengine. Walisema mkataba wa 1904 ungali na nguvu, waliotia alama ule wa 1911 hawakuwa na mamlaka ya kuwasemea wote, na mifugo iliyopotea ilipwe.

Mei 1913 korti ilijibu. Haikusema nchi ni ya nani. Ilisema mikataba ile ni mambo ya dola na dola. Wamasai, wakiwa katika nchi ya ulinzi tu, si raia wa mfalme. Kwa hiyo korti haina uwezo wa kusikiliza. Njo vile: serikali iliyowahamisha watu kama watu wake, mbele ya juji ikawaita wageni. Mwisho wa mwaka ule korti ya rufaa ya Afrika Mashariki ikakubaliana na ile ya kwanza.

Ikabaki London, Baraza la Faragha la mfalme. Kule huendi vivi hivi. Kulihitajika ruhusa ya kukata rufaa, dhamana ya gharama, karatasi zichapwe, avoka wa huko alipwe. Kesi haikufika kamwe. Na wakati hukumu ya kwanza inasomwa, watu na ng'ombe walikuwa wamekwisha kuhamishwa. Hata ingefika, wangekuwa wanabishania nchi yenye kukaliwa na wengine.

Kwa maoni yangu, njo ubaya wa hukumu ya utaratibu. Inaonekana ndogo, kumbe inaamua yote, juu saa ya korti na saa ya udongo hazitembei pamoja. Karatasi inangojea, mwenye nguvu analima, anajenga, anauza.

Kwetu Kongo ni vilevile kwa njia nyingine. Sheria ya udongo ya 20 Julai 1973 inasema udongo ni mali ya Serikali, na hati ya usajili ikipita miaka 2 haipingwi tena. Kunabaki kudai fidia tu. Lakini kuko tofauti moja nzuri: katika kesi za madai, kwa kawaida hatuombi ruhusa ya kukata rufaa. Ni haki, ndani ya siku 30 kisha kupelekewa hukumu.

Kwa hiyo nilimjibu jirani: "Mzee, tribinali haijasema udongo ni wa nani. Tuhesabu siku kwanza." Tukasoma tarehe kwenye karatasi. Alikuwa ameiweka chini ya godoro siku 19, akifikiri mambo yamekwisha.

Kesho yake asubuhi tulienda kwa avoka. Wewe uliye na karatasi ya namna ile nyumbani, itoe leo, soma tarehe.