Divai Altareni, Chai Mezani



Waingereza na Wafaransa ni watani wa tangu enzi, na sehemu kubwa ya utani wao iko mezani. Mwingereza humwita Mfaransa chura, kwa sababu Mfaransa hula miguu ya chura, tena akaongeza na konokono. Mfaransa naye humwita Mwingereza nyama ya kuoka, akiwa na maana kwamba huyo bwana hajui kupika kitu kingine. Mwaka 1748 mchoraji wa Kiingereza, William Hogarth, aliyekuwa amekamatwa Calais kwa kudhaniwa jasusi, alilipiza kisasi kwa picha: pande kubwa la nyama ya ng'ombe kutoka Uingereza linabebwa kupita langoni, na askari wa Kifaransa waliokonda wanalikodolea macho huku wameshika mabakuli ya supu nyepesi. Kabla ya hapo, mwaka 1703, Uingereza ilikuwa imefunga mkataba na Ureno, na divai ya Mreno ikatozwa ushuru mdogo kuliko ya Mfaransa. Hivyo Mwingereza akabadili hata kinywaji, mradi asimtajirishe mtani wake.

Sisi tunaokula kumbikumbi hatuna haki ya kumcheka mla chura. Lakini msikilizaji atauliza, mambo hayo ya Ulaya yanatuhusu nini? Yanatuhusu, kwa maana utani huo ulisafiri hadi nyanda za juu za Ufipa, ukakaa ana kwa ana kwenye mpaka wa Kasesya.

Aliyefika Kasesya anapajua. Unatoka Sumbawanga, unapita Matai, unafika mwisho wa nchi. Mbele yako ni Zombe, Zambia, na ukiendelea utafika Mbala, mji ambao zamani uliitwa Abercorn. Mstari huo uliwekwa kwa mkataba wa Wajerumani na Waingereza wa tarehe 1 Julai 1890. Wamambwe na Walungu, ambao mashamba yao yalikuwa pande zote mbili, hawakuulizwa.

Upande wa Ufipa, wenye sauti katika mambo ya dini walikuwa Wamisionari wa Afrika, wale tunaowaita Mapadre Weupe, shirika la Kardinali Lavigerie lililoanzishwa Algeria mwaka 1868. Mwaka 1885 walikabidhiwa boma la Karema lililojengwa na Wabelgiji, na tangu 1891 kiongozi wao alikuwa Askofu Adolphe Lechaptois, Mfaransa. Serikali ilikuwa ya Mjerumani, lakini padre alikuwa Mfaransa. Upande wa kusini walikuwepo Waprotestanti wa London Missionary Society, huko Niamkolo kando ya ziwa na Kawimbe karibu na Abercorn. Hata hivyo mstari haukuwa ukuta. Mwaka huo huo wa 1891 Mapadre Weupe walifungua misheni kwa Wamambwe upande wa Mwingereza, na kutoka huko akachomoza padre Joseph Dupont, aliyekuja kuwa askofu, maarufu kwa jina la Motomoto. Wengine husema alipewa jina hilo kwa sababu kila mara aliomba moto wa kuwashia kiko chake.

Huko Uganda, Wangereza na Wafransa, kama walivyoitwa wafuasi wa dini hizo mbili, walipigana kwa bunduki Mengo mwezi Januari 1892. Huku kwetu, tunamshukuru Mungu, sehemu kubwa ya ugomvi iliishia kwenye chungu cha pombe.

Na hapo ndipo jambo lenyewe lilipokuwa zito. Zao kuu la Mfipa na la Mmambwe lilikuwa ulezi. Ulezi ni ugali, na ulezi ni pombe. Pombe hiyo haikuwa starehe tupu. Shamba la matuta ya Ufipa, yale ya kufukia majani ili yaoze yawe mbolea, halilimwi na mtu mmoja na mkewe. Mwenye shamba alialika majirani, wakalima tangu alfajiri, na jioni akawapa pombe. Asiye na pombe hakupata wakulima, na asiyepata wakulima alikaribisha njaa nyumbani.

Sasa fikiria mtu huyo amebatizwa. Kama alibatizwa na Mwingereza, aliambiwa pombe ni dhambi. Waprotestanti wengi wa Uingereza wa wakati ule walikuwa wameapa kutogusa kileo cha aina yoyote, na walitaka Wakristo wao wafuate. Kama alibatizwa na Mfaransa, aliambiwa kulewa ndiyo dhambi. Padre aliyekulia katika nchi ya mizabibu angewezaje kusema kinywaji chenyewe ni cha shetani, naye kila asubuhi anainua divai altareni? Kwa hiyo ladha za Ulaya ziligeuka kuwa sheria juu ya mtu ambaye hajawahi kuiona Ulaya. Ndugu wawili wa ukoo mmoja, mmoja kaskazini ya mstari na mwingine kusini, waliweza kupewa hukumu tofauti kwa chungu kile kile.

Mimi naona katika shauri hili Mfaransa alikuwa karibu zaidi na wenyeji. Sisemi ndiyo sababu pekee iliyofanya Rukwa kuwa nchi ya Wakatoliki hadi leo. Mapadre walitangulia, walikuwa wengi, na walijenga shule na hospitali. Lakini aliyeachiwa chungu chake hakuwa na sababu ya kukimbia.

Mfaransa, basi, alishinda kanisani. Ajabu ni kwamba alishindwa mezani. Divai yake waumini waliiona lakini hawakuionja, kwa kuwa kabla ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, wa miaka ya 1962 hadi 1965, aliyekunywa kikombe kwenye misa ni padre peke yake. Kilichobaki mdomoni mwetu ni neno tu. "Divai" ni Kifaransa, kutokana na "du vin", ilhali pwani walikwisha kuwa na "mvinyo" ya Mreno.

Chai haikuwa na altare. Mwezi Juni 1916 majeshi ya Waingereza yaliteka Bismarckburg, yaani Kasanga, na tangu hapo kaskazini na kusini ya Kasesya bendera ikawa moja. Vijana walivuka kwenda kufanya kazi kwenye migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, na wakarudi na tabia za mjini, ikiwemo kikombe cha chai yenye sukari. Keki, biskuti na jemu ni maneno ya Mwingereza. Hata mahali tunaponywea pombe yetu wenyewe tumepaita kilabu!

Lakini Mwingereza asijivune sana. Ile kahawa iliyotajirisha walowezi wake Kenya, sehemu yake ilitokana na mbegu za mapadre wa Kifaransa wa Roho Mtakatifu. Mbegu hizo zilitoka kisiwa cha Réunion, zikapandwa Bagamoyo, kisha zikafika Kilema kule Kilimanjaro, na Bura na Nairobi. Wafanyabiashara wa Kiingereza wenyewe waliiita kahawa ya misheni ya Wafaransa. Mwingereza akaipanda, akaiuza Ulaya, kisha akarudi barazani kunywa chai.

Na ulezi je? Kwenye nyanda hizo ulezi uliotengenezwa pombe hutiwa maji ya moto chunguni, watu wakazunguka na kunyonya kwa mirija, na maji yakipungua yanaongezwa mengine. Mwenye chungu ndiye huonja kwanza, mgeni aone kwamba hakuna sumu.