Ua Juu ya Chuma: Bunduki za Kale za Jeshi la Japani na Wanaozikusanya

Bunduki nyingi zilizoundwa kwa ajili ya jeshi la Japani hadi mwaka 1945 zilipigwa chapa ya ua la krisanthemu lenye petali 16, juu ya chemba, pale mtutu unapoungana na mwili wa chuma. Ua hilo ni nembo ya ukoo wa Mfalme wa Japani. Askari aliyekabidhiwa bunduki alijua kwamba si yake wala si ya kikosi chake. Ni ya Mfalme, naye amepewa aitunze. Leo mkusanyaji akishika bunduki ya aina hiyo hutazama ua kwanza, kabla ya kugeuza kitako au kuvuta bolti. Likiwa zima, bei hupanda. Likiwa limekwanguliwa, bei hushuka, lakini bunduki huwa na habari nyingine ya kusimulia.

Wajapani walianza kuzifahamu bunduki mwaka 1543, Wareno walipofika kisiwa cha Tanegashima wakiwa na magobore ya kuwashwa kwa utambi. Bunduki ya kwanza ya kisasa iliyobuniwa na Mjapani mwenyewe ilikuja mwaka 1880, kazi ya afisa Murata Tsuneyoshi. Ilibeba risasi moja tu ya milimita 11. Murata nyingi ziligeuzwa baadaye kuwa bunduki za marisau za wawindaji, na ndiyo sababu iliyobaki katika umbo lake la kijeshi ni adimu.

Jina linalotawala makusanyo ni la Arisaka Nariakira. Bunduki yake ya mwaka 1897, iliyopokea risasi tano za milimita 6.5, iliitwa Aina ya 30 kwa kuwa huo ulikuwa mwaka wa 30 wa enzi ya Mfalme Meiji. Ilipigana na Warusi mwaka 1904 na 1905, na vumbi la Manchuria likafichua udhaifu wake. Nambu Kijiro akairahisisha bolti, na bunduki mpya ikawekewa kifuniko cha bati kinachoteleza pamoja na bolti ili kuzuia vumbi. Hiyo ndiyo Aina ya 38 ya mwaka 1905, yenye urefu wa sentimita 128 hivi, ambayo zilitengenezwa zaidi ya milioni tatu. Mtutu mrefu na risasi ndogo viliifanya isimpige sana askari begani, na mwako wake mdomoni ulikuwa hafifu. Katika Vita Kuu ya Kwanza, Uingereza na Urusi, zikiwa na upungufu wa silaha, zilinunua Arisaka kwa wingi, na baadhi ya zile za Waingereza ziliishia mikononi mwa Waarabu waliowaasi Waturuki huko Hejaz.

Vita vya China vilionyesha kwamba risasi ya milimita 6.5 haikutosha. Mwaka 1939 ikaja Aina ya 99, ya milimita 7.7. Namba yake inatokana na hesabu nyingine, ile ya miaka tangu kutawazwa kwa mfalme wa kwanza wa masimulizi ya Kijapani. Mwaka 1939 ulikuwa wa 2599. Zile za mwanzo ni kazi ya fahari: mtutu umepakwa kromu kwa ndani, na kilengeo kina mbawa mbili za kumsaidia askari kulenga ndege. Kadiri vita vilivyoendelea, mbawa ziliondolewa, kromu ikaachwa, bati la kitako likawa ubao, na alama za tupa zikabaki wazi kwenye chuma. Mkusanyaji akizipanga bunduki hizo kwa mfuatano wa herufi za Kijapani zinazotangulia namba, anaona nchi ikiishiwa chuma, muda na mafundi.

Bunduki hizi zilikabiliwa pia na askari wa Afrika Mashariki. Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, yenye askari wa Keya, jeshi la kikoloni la Waingereza, iliwafukuza Wajapani katika bonde la Kabaw huko Burma hadi mto Chindwin.

Japani iliposalimu amri mwaka 1945, maua mengi yalikwanguliwa kwa tupa, patasi au mashine kabla ya bunduki kukabidhiwa, ili nembo ya Mfalme isishikwe na mshindi. Kwa hiyo ua zima mara nyingi huashiria bunduki iliyotekwa vitani, kabla ya amani. Lakini ua lililoharibiwa si lazima liwe la bunduki iliyosalimishwa, maana hata bunduki zilizopewa shule kwa mafunzo ziliharibiwa nembo. Bunduki nyingi zilitupwa baharini. Nyingine zilivuka kwenda Marekani katika mizigo ya askari. Moja ilikataa kukabidhiwa: Luteni Onoda Hiroo alikaa na Aina ya 99 yake katika msitu wa Lubang, Ufilipino, hadi Machi 1974, na alipotoka bado ilikuwa ikifanya kazi.

Huko Marekani zilidharauliwa kwa miaka mingi. Maungio ya mbao kitakoni ilidhaniwa ni nyufa, kumbe ni mafundi waliounganisha vipande viwili ili kubana matumizi ya mbao. Bunduki za mafunzo, zilizotengenezwa kwa chuma hafifu kwa ajili ya baruti tupu, zilipasuka zilipotiwa risasi halisi, na Arisaka zote zikapewa sifa mbaya. Fundi P. O. Ackley alizijaribu kwa shinikizo kubwa na kuthibitisha kwamba bolti ya Arisaka ni miongoni mwa zenye nguvu kuliko zote. Wakati huo nyingi zilikuwa zimekatwa na kufanywa za kuwindia kulungu, hasara isiyorudishika.

Nyumbani Japani, sheria huruhusu raia kumiliki bunduki ya kale ikiwa imesajiliwa na ni ya mwaka 1867 au kabla yake. Gobore la Tanegashima linaweza kukaa sebuleni, Arisaka haiwezi.

Sokoni wapo wanaopiga ua jipya juu ya lile lililofutwa. Chuma kilichokwanguliwa kimepungua, na mwanga ukipita ubavuni huonyesha kijibonde chini ya petali mpya.