Ukimya wa Margaret Clitherow

Machi 1586, mjini York, kaskazini mwa Uingereza, mke wa mwenye bucha alifikishwa mbele ya majaji, akaulizwa kama ana hatia au hana. Margaret Clitherow akakataa kujibu. Alishtakiwa kuwaficha mapadre wa Kikatoliki nyumbani kwake, mtaa wa Shambles, kosa ambalo sheria ya mwaka uliotangulia ililiwekea adhabu ya kifo. Asiyejibu shtaka naye alikuwa na yake: kulazwa chini na kugandamizwa kwa mawe mpaka ajibu au afe. Wapo waliouona ukimya huo kuwa ukaidi wa mtu aliyekitamani kifo. Mimi nauona kuwa uamuzi wa mtu aliyejua vizuri mahakama inavyofanya kazi. Chumba cha siri kilikuwa kimefichuliwa na mtoto aliyetishwa wakati wa upekuzi. Mashahidi wengine wangekuwa wanawe na watumishi wake. Kesi ikisikilizwa, hao ndio wangeitwa kummaliza, na raia wenzake wa York wangebeba dhamana ya kumtia hatiani. Asipojibu, hakuna kesi, na pasipo kesi hakuna shahidi.

Itasemwa kwamba haya tunayapata kwa John Mush, padre wake muungamishi, ambaye hakuwa mwandishi asiye na upande. Kweli hakuwa. Lakini kwamba Margaret alifungwa zaidi ya mara moja kuanzia 1577 kwa kususia ibada za kanisa la serikali, hilo halimtegemei Mush. Gereza alilijua, huko ndiko alikojifunza kusoma. Mumewe, John, alibaki Mprotestanti na kumlipia faini.

Pingamizi zito zaidi ni la kisiasa. Mwaka 1570 Papa Pius V alimtenga Malkia Elizabeth I na Kanisa, akawaambia raia wasimtii. Na kabla yake Malkia Mary, Mkatoliki, alikuwa amewachoma moto Waprotestanti wapatao 280. Hofu ya serikali haikuwa ya kubuni. Inaeleza kwa nini mapadre walisakwa. Haielezi kwa nini tarehe 25 Machi, kwenye daraja la Ouse, mwanamke asiyehusishwa na njama yoyote aliwekewa mlango juu ya mwili, mawe yakarundikwa, akafa kwa takriban robo saa.

Papa Paulo VI alimtangaza mtakatifu mwaka 1970, miaka sita baada ya wafiadini wa Uganda. Binti yake Anne alikuja kuwa mtawa huko Leuven, bila kuwahi kusimamishwa kizimbani kutoa ushahidi dhidi ya mama yake.