Tairi la pikipiki: historia iliyoandikwa ubavuni, na ile isiyoandikwa

Tunaendelea na historia ya vitu tunavyovishika kila siku. Leo zamu ya tairi la pikipiki.

Wengi wetu tunakula kwa bodaboda. Mvua zikianza, swali linalozunguka kijiweni ni moja: nikibadilisha tairi sasa, nichukue lipi litakalodumu? Anayetoka Nakivale kwenda Mbarara na kurudi, abiria nyuma na gunia juu, anajua swali hilo si la bei peke yake. Na wale wanaozunguka makambi kwa pikipiki kubwa za safari ndefu wana swali hilo hilo, ila tairi lao ni ghali zaidi.

Sisi tumeamua kulijibu kwa historia. Kila alama iliyo ubavuni mwa tairi ilizaliwa na tatizo ambalo mtu alikutana nalo barabarani. Ukilijua tatizo, alama unaielewa yenyewe. Halafu kuna kipande cha historia ambacho hakijaandikwa kwenye tairi lolote duniani, na kipande hicho kimepita nyumbani kwetu Kongo. Tutafika.

Kabla ya upepo

Mwaka 1885, huko Cannstatt, Ujerumani, Gottlieb Daimler na Wilhelm Maybach walitengeneza chombo ambacho wengi wanakihesabu kuwa pikipiki ya kwanza ya petroli. Fremu ya mbao, magurudumu ya mbao, na juu yake mkanda wa chuma. Tairi hakuna. Hebu fikiria hicho chombo kwenye barabara yetu ya kokoto! Ushike mwaka huo, 1885, tutaurudia.

Mpira wenyewe ulikuwa unajulikana zamani, lakini ulikuwa mkaidi: jua likiwaka unanata, baridi ikija unapasuka. Mmarekani Charles Goodyear ndiye aliyegundua mwaka 1839 kwamba mpira ukichanganywa na salfa na kupashwa moto unatulia, haunati wala haupasuki ovyo. Alipata hataza yake mwaka 1844. Alifariki mwaka 1860 akiwa na madeni. Kampuni kubwa ya matairi yenye jina lake ilianzishwa 1898 na watu wengine kabisa, ambao walimpa heshima ya jina tu.

Mskoti Robert William Thomson alisajili tairi la upepo mwaka 1845, la magari ya farasi. Dunia ikalisahau, maana baiskeli za kulihitaji hazikuwepo bado. Miaka zaidi ya 40 baadaye, Mskoti mwingine, John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo aliyekuwa akiishi Belfast, alitengeneza tairi la upepo kwa ajili ya baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe, akalisajili mwaka 1888. Baadaye hataza yake ikafutwa, kumbe Thomson alimtangulia. Mwaka 1891 ndugu wawili wa Kifaransa, André na Édouard Michelin, wakaleta tairi la baiskeli linalotoka kwenye rimu, ili pancha izibwe njiani bila kuhangaika na gundi usiku kucha. Na mwaka 1894 huko Munich, Hildebrand na Wolfmüller wakaanza kuuza pikipiki yenye matairi ya upepo.

Sasa dunia nzima ikataka mpira.

Mpira ulitoka wapi

Turudi 1885. Mwaka ule ule Daimler alipokuwa akijaribu magurudumu yake ya mbao, mkutano wa Berlin ulimalizika, na Mfalme Leopold II wa Ubelgiji akajichukulia Kongo kama mali yake binafsi. Akaiita Dola Huru ya Kongo. Mwanzoni faida aliitafuta kwenye pembe za ndovu. Matairi yalipoingia sokoni, akageukia misitu, ambako kuna mitambaazi inayotoa utomvu wa mpira.

Makampuni yalipewa maeneo makubwa. Moja ilikuwa ABIR, iliyoanzishwa 1892, katika misitu ya upande wa Équateur. Kila kijiji kilipangiwa kilo za kuleta. Wanaume wakichelewa, wake zao walishikwa na kufungwa mpaka mpira ufike. Kulikuwa na kiboko cha ngozi, kulikuwa na bunduki. Askari walitakiwa kuonyesha kwamba risasi haikupotea bure, wakakata mikono ya watu kama ushahidi. Mwaka 1904 mmisionari Mwingereza Alice Seeley Harris alimpiga picha baba mmoja, Nsala, akiwa amekaa barazani, akiangalia mkono na mguu wa binti yake mdogo vilivyowekwa mbele yake. Picha hiyo ilizunguka Ulaya na Marekani. Mwaka huo huo ripoti ya Roger Casement, konseli wa Uingereza, ilichapishwa. Edmund Dene Morel, karani wa kampuni ya meli, naye alikuwa ameshaona bandarini Antwerp kwamba meli zinakuja zimejaa mpira na pembe, na kurudi Kongo na bunduki na risasi. Akajiuliza: hiyo ni biashara gani? Kelele zikawa kubwa. Mwaka 1908 Leopold alilazimika kuiachia Kongo, ikawa koloni la taifa la Ubelgiji.

Wengi wetu ni watu wa mashariki, wa Kivu, na msitu uliobeba mateso makubwa ya mpira ulikuwa mbali na milima yetu. Pia si mpira wote wa zama hizo ulitoka Kongo. Mwingi ulitoka Brazili. Lakini nchi ni moja, na tunapenda kusema ukweli ulivyo bila kuuongeza chumvi. Hauhitaji chumvi.

Na tuliangalie jambo hili kwa jicho la dereva. Matairi ya siku zile yalikuwa yanaisha haraka. Tairi likiisha, mwenye baiskeli wa Paris au London ananunua lingine. Yeye anaona amepoteza pesa kidogo. Huku mwisho wa njia, ni mtu anarudi msituni na kikapu. Kudumu kwa tairi, tangu mwanzo, hakukuwa hesabu ya mnunuzi peke yake.

Kilichopunguza njaa ya mpira wa msituni ni mashamba ya Asia. Mwaka 1876 Mwingereza Henry Wickham alisafirisha maelfu ya mbegu za mti wa mpira kutoka Brazili hadi London, na miche ikapelekwa Sri Lanka na Malaya. Kufikia Vita vya Kwanza vya Dunia mpira wa mashamba ulikuwa umeupita ule wa msituni. Lakini mwaka 1942 Japani ilipoyateka mashamba ya Malaya na Indonesia, nchi zilizopigana nayo zikaishiwa, na watu wa Kongo wakasukumwa tena msituni kutafuta mpira. Siku za kazi ya lazima kwa mwaka ziliongezwa kutoka 60 hadi 120.

Jinsi tairi lilivyojifunza kudumu

Matairi ya kwanza hayakuwa meusi. Yalikuwa na rangi hafifu ya mpira wenyewe. Weusi ulikuja mwanzoni mwa karne ya 20, ilipogundulika kwamba masizi laini sana yakichanganywa na mpira yanaufanya usichakae upesi. Kwa hiyo weusi wa tairi lako ndio kinga yake.

Kisha ndani. Zamani waliweka kitambaa kilichofumwa, nyuzi zikapishana na kusagana mpaka zikakatika. Wakabadilisha, wakatumia nyuzi zilizolala upande mmoja, tabaka juu ya tabaka. Mwaka 1946 Michelin walisajili tairi la radiali, ambalo nyuzi zake zinakatiza moja kwa moja kutoka ukingo hadi ukingo. Halipati joto sana. Pikipiki za barabarani zilianza kulipata miaka ya 1980. Tairi la kawaida, lenye nyuzi za mshazari, bado ndilo lililo kwenye bodaboda zetu nyingi, na si baya: ubavu wake ni mgumu, unavumilia mawe na mzigo.

Na vita vya 1942 viliilazimisha Marekani kutengeneza mpira wa viwandani kutokana na mafuta kwa wingi sana. Tangu hapo matairi mengi ni mchanganyiko wa mpira wa mti na wa kiwandani.

Kati ya vita viwili, waendesha pikipiki walishaanza kuonyesha tairi linaweza kufika wapi. Theresa Wallach na Florence Blenkiron, wanawake wawili wa Uingereza, walitoka London Desemba 1934 na pikipiki ya Panther yenye kigari cha pembeni na tela, wakakatiza Sahara, wakafika Cape Town mwaka 1935. Dada zetu wanaoambiwa pikipiki si yao, someni mstari huo mara mbili.

Sasa tusome ubavu

Chuchumaa karibu na tairi, chukua tochi ya simu. Tuseme limeandikwa 3.00-17 6PR 50P.

3.00 ni upana kwa inchi, 17 ni rimu. Kwenye pikipiki kubwa utaona mfano 90/90-18: upana milimita 90, kimo asilimia 90 ya upana, rimu inchi 18. Kipimo fuata cha pikipiki yako, usinunue pana kwa sababu linapendeza. 6PR ni daraja la nguvu ya tabaka.

Namba 50 ndiyo wengi tunairuka, na ndiyo yenye roho za watu. Ni kipimo cha mzigo: 50 maana yake kilo 190 kwa tairi hilo. Piga hesabu. Pikipiki kilo 120, dereva 70, abiria wawili 140. Jumla 330. Kama theluthi mbili inakaa nyuma, hizo ni kilo 220. Umeshapita, na gunia hujaweka bado! Tairi la nyuma linalopasuka mteremkoni mara nyingi halikuwa bovu, lilibebeshwa. Namba 57 inabeba kilo 230. Herufi P ni mwendo wa juu kabisa, kilomita 150 kwa saa. Mwendo huo sisi hatuuhitaji.

Tafuta herufi DOT na namba nne za mwisho. Namba 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira unazeeka hata dukani, hata ukiwa na meno yote. Watengenezaji wakubwa kadhaa wanashauri tairi likishafika miaka 5 likaguliwe kila mwaka, na likifika 10 litolewe. Muuzaji akikwambia "jipya hili, halijatembea", mwombe tochi.

TT ni la kutumia tyubu, TL ni tyubulesi. Rimu ya spoku kwa kawaida inataka tyubu, maana upepo unatokea kwenye matundu ya spoku. TWI inaonyesha mahali pa vituta vidogo ndani ya mifereji. Meno yakilingana navyo, tairi limekwisha. Mshale unaonyesha upande wa kuzunguka. Na wale wanaochongewa meno mapya kwenye tairi kipara: kisu hakiongezi mpira, kinapunguza uliobaki juu ya nyuzi.

Kudumu ni kwa nani?

Mpira mgumu unadumu, ila kwenye lami yenye maji unateleza. Laini unashika, ila unaisha. Ndiyo maana baadhi ya matairi ya safari ndefu siku hizi yana mpira mgumu katikati na laini pembeni, pale pikipiki inapolala kwenye kona. Meno makubwa yaliyoachana ni ya matope. Ukiyapeleka lami kila siku yatalika upesi. Chagua kwa barabara unayopita siku nyingi za wiki, si ile unayopita mara moja kwa mwezi.

Bei nayo ihesabiwe kwa kilomita. Mfano tu: tairi la shilingi 80,000 likienda kilomita 8,000, kila kilomita ni shilingi 10. La 120,000 likienda 16,000, kila kilomita ni shilingi 7 na nusu. Ghali limekuwa rahisi. Asiye na 120,000 mkononi tunamwelewa kabisa. Ndo maana vikundi vyetu vya kuweka akiba vingefaa kukopesha tairi kama vinavyokopesha ada ya shule. Na wenzetu wa mashirika, mnapogawa pikipiki kwa vikundi vya vijana, wekeni matairi ya pili kwenye bajeti. Pikipiki bila tairi ni chuma cha kukalia.

Upepo upimwe asubuhi kabla ya safari, tairi likiwa baridi. Upepo mdogo unalipasha joto, na joto linaliua hata tairi la bei kubwa kuliko yote.

Basi, kazi mbili za wiki hii. Ya kwanza, soma namba za tairi lako la nyuma na upige hesabu ya mzigo wako wa kweli, ule unaobeba siku ya soko. Ya pili, ukiwa na mzee karibu, muulize kama wazazi wake waliwahi kuzungumzia kazi ya mpira wakati wa Wabelgiji. Andika jina la kijiji na jinsi anavyosimulia. Ubavu wa tairi unataja wiki lilipotengenezwa na kilo linazobeba. Waliouleta mpira tutawaandika sisi.