Swali la Herufi 160

Machi 2020 Kenya ilipofunga shule, huku Kericho binamu yangu wa darasa la saba alichuma chai ya nyumbani mchana, usiku akapambana na sehemu. Kwa grupu ya WhatsApp ya darasa wakamjibu, "Hata hii?" Akanyamaza. Naujua huo ukimya. Ndio ulinitoa chuo mwaka wa pili.

Nikamwonyesha *291#. Shupavu ya Eneza Education, iliyoanza ikiitwa MPrep, ilipokea swali hata kutoka mulika mwizi, mwalimu akajibu kwa SMS. Hakuna wa kukucheka. Lakini SMS moja ni herufi 160, so ilibidi aseme tu alipokwama. Math Stack Exchange, jukwaa la tangu 2010, nao hutaka uonyeshe ulichojaribu, ila huko Kiingereza ni lazima.

Akatuma: "Mwalimu, 3/4 kugawa kwa 1/2, mbona jibu linakuwa kubwa?"